Django Reinhardt: vidole viwili vilivyolitoa gitaa nyuma ya orkestra

Tarehe 16 mwezi wa tano 1953, mwanaume mwenye miaka 43 alishuka kwenye kituo cha treni cha Avon, kusini mwa Paris, akaanza kutembea kurudi nyumbani kwake katika kijiji cha Samois-sur-Seine. Alikuwa ametoka mjini kupiga muziki. Hakuingia ndani. Alianguka karibu na nyumba, daktari alichelewa kupatikana, na hospitali ya Fontainebleau haikuweza kumwokoa: damu ilikuwa imevuja kwenye ubongo. Kwenye karatasi za serikali aliitwa Jean Reinhardt. Dunia ilimjua kwa jina la Django.

Wengi wakisikia jina hilo leo hukumbuka kwanza filamu ya kauboi anayeburuta jeneza kwenye matope. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1966, miaka 13 baada ya Django huyu kuzikwa. Yeye hakubeba bunduki. Alibeba gitaa, na siku moja kubwa ya maisha yake hata gitaa lenyewe aliliacha nyumbani, kama tutakavyoona.

Katika nchi yetu, sebene inapoanza kila mtu hungoja gitaa la solo liseme. Kwa hiyo ni vigumu kwetu kufikiria kwamba kulikuwa na wakati gitaa halikuwa na neno. Katika miaka ya 1920, kabla ya vikuza sauti kuenea, orkestra za Ulaya na Marekani ziliweka gitaa na banjo nyuma, kazi yake ikiwa kushika mwendo huku tarumbeta, klarineti na fidla zikizungumza mbele. Django ni mmoja kati ya watu wachache waliobadilisha mpango huo. Na alifanya hivyo baada ya moto kumwachia mkono wa kushoto ambao vidole viwili tu ndivyo vilivyokimbia juu ya nyuzi.

Mtoto wa nyumba yenye magurudumu

Alizaliwa tarehe 23 mwezi wa kwanza 1910 huko Liberchies, kijiji cha Ubelgiji, ndani ya nyumba ya mbao yenye magurudumu iliyovutwa na farasi. Wazazi wake walikuwa Wamanouche, tawi moja la Warom, watu ambao Wafaransa huwaita Tsiganes au Gitans. Familia hizo zilisafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine, zikiishi kwa muziki, kazi za mikono na biashara ndogondogo. Baba yake alikuwa mpiga muziki. Mama yake, Laurence Reinhardt, ndiye aliyewalea watoto baada ya baba kuondoka.

Baada ya safari nyingi, familia ilituliza magurudumu yake pembezoni mwa Paris, kwenye uwanja uliozunguka kuta za zamani za ulinzi wa mji. Watu wa Paris waliliita eneo hilo La Zone. Lilikuwa na vibanda, magari ya wasafiri, matope na moshi, na watu ambao mji uliwahitaji kwa kazi lakini haukuwataka wakae ndani yake. Django na mdogo wake Joseph walikulia hapo. Shule hawakuifuata. Django alifikia utu uzima bila kujua kusoma wala kuandika, na noti za muziki hakuzijua maisha yake yote.

Masikio ndiyo yaliyokuwa shule yake. Alianza na fidla, kisha akiwa na miaka kama 12 akapewa chombo kilichokuwa nusu banjo na nusu gitaa. Alitazama vidole vya wakubwa, akavifuata. Haukupita muda mrefu kabla hajaanza kulipwa kwenye kumbi za dansi za mitaa ya wafanyakazi, akiwasindikiza wapiga akordeoni. Kumbi hizo, zilizoitwa bals musette, zilikuwa na walevi, wahuni na wachezaji hodari wa java na valsi. Kijana wa miaka 13 au 14 alijifunza humo kushika mwendo hata kama ugomvi umezuka.

Mwaka 1928 aliingia studio kwa mara ya kwanza, akimsindikiza mpiga akordeoni Jean Vaissade. Kwa sababu hakuweza kuwaandikia jina lake, waliochapa santuri waliliandika walivyolisikia: Jiango Renard. Mwaka huohuo, inasimuliwa, Jack Hylton, kiongozi wa orkestra maarufu ya Uingereza, alifika kumsikiliza na kumwahidi kazi London. Django alikuwa na miaka 18, alikuwa na mke, na mlango ulikuwa umefunguka.

Usiku wa moto

Mlango huo ulifungwa mwishoni mwa mwaka 1928. Mke wake, Bella, alikuwa akitengeneza maua ya bandia ya kuuza, na siku hiyo nyumba yao yenye magurudumu ilikuwa imejaa maua hayo. Yalikuwa ya seluloidi, kitu kinachoshika moto haraka kama petroli. Django alirudi usiku kutoka kazini. Mshumaa ulianguka kati ya maua, na kwa muda mfupi gari zima likawaka.

Mke aliwahi kutoka. Django alijifunika blanketi, akalishika kwa mkono wa kushoto, akapita katikati ya moto. Alitoka akiwa hai, lakini mguu wa kulia na ubavu vilikuwa vimeungua vibaya, na mkono ule ulioshika blanketi ulikuwa umeharibika. Madaktari walitaka kuukata mguu. Alikataa, na ndugu zake wakamwunga mkono. Mguu ulipona polepole, akarudi kutembea kwa kuegemea fimbo. Mkono haukupona kabisa. Kidole cha pete na kidole kidogo vilikauka na kujikunja kuelekea kiganjani.

Kwa mpiga gitaa anayetumia mkono wa kulia kupiga, mkono wa kushoto ndio unaotafuta sauti juu ya shingo ya chombo. Kupoteza vidole viwili kati ya vinne vya kazi hiyo ni kama fundi cherehani kupoteza jicho. Watu waliomzunguka waliona kazi ya muziki imekwisha. Joseph, mdogo wake, alimpelekea gitaa pale alipokuwa akiuguzwa.

Matibabu na kupona vilichukua kama mwaka mmoja na nusu. Katika muda huo Django alianza upya, kama mtoto. Kidole cha shahada na cha kati vilibeba nyimbo zote za mbele. Viwili vilivyokunjamana alivisukuma kwenye nyuzi nyembamba ili visaidie kushika akordi fulani, na kidole gumba kilipita juu ya shingo kushika nyuzi nene. Wapiga gitaa wengi hukaa sehemu moja ya shingo na kutumia vidole vyote vinne kutoka uzi hadi uzi. Yeye hakuweza. Ilimbidi vidole viwili vikimbie kwa mshazari, kutoka chini hadi juu ya shingo, vikirukia nafasi mbali na mbali. Njia hiyo ya kulazimishwa ndiyo iliyompa sauti ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo: mistari mirefu inayopanda kama ndege, sauti zinazoteleza kwa kidole kimoja, na akordi zilizopangwa kwa namna isiyopatikana kwenye vitabu.

Hasara nyingine hazikurudi. Ndoa yake na Bella ilivunjika. Mtoto wao wa kiume, Henri, aliyeitwa Lousson, alizaliwa 1929 na kukulia upande wa mama yake. Django alirudi barabarani pamoja na Joseph, wakipiga kwenye mikahawa na viwanja hadi kusini mwa Ufaransa, mara nyingi pamoja na Naguine, binamu wa mbali ambaye angekuwa mwenzi wake hadi mwisho.

Huko Toulon, mwaka 1931, msanii mmoja wa picha, Émile Savitry, aliwakaribisha nyumbani kwake akawapigia santuri za Marekani. Django alisikia tarumbeta ya Louis Armstrong. Wote waliosimulia maisha yake wanakubaliana kwamba siku hizo zilimgeuza. Valsi za Paris na nyimbo za Wamanouche hakuziacha, lakini kuanzia hapo alitaka kupiga jazi.

Nyuzi tupu, bila ngoma

Mwaka 1934 alipata kazi katika orkestra ya hoteli Claridge, kwenye barabara ya Champs-Élysées. Mpiga besi Louis Vola ndiye aliyeongoza orkestra hiyo, na mpiga fidla alikuwa Stéphane Grappelli, Mfaransa mwenye baba Mwitalia, aliyekulia katika umaskini na kujifunza sehemu kubwa ya muziki peke yake. Wakati wa mapumziko, Django alikaa nyuma ya pazia akijipigia gitaa. Siku moja Grappelli alijiunga naye. Kesho yake wakarudia. Vola akaleta besi, na wapiga gitaa Joseph Reinhardt na Roger Chaput wakaingia.

Wakati huo kulikuwa Paris na vijana wapenzi wa jazi waliounda chama kilichoitwa Hot Club de France. Pierre Nourry na Charles Delaunay walikuwa kati yao. Walisikia kikundi kile cha nyuma ya pazia, wakakitafutia ukumbi na studio. Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 1934 kikapiga mbele ya watu kwenye École Normale de Musique, na kabla mwaka haujaisha kikarekodi santuri zake za kwanza kwa kampuni ya Ultraphone. Jina lake likawa Quintette du Hot Club de France.

Watu walishangaa. Jazi waliyoijua ilikuwa na tarumbeta, saksafoni, piano na ngoma. Hawa watano walikuwa na nyuzi tupu: fidla moja, magitaa matatu na besi moja. Inasimuliwa kwamba gitaa la tatu liliongezwa kwa sababu Django alinung'unika: Grappelli akipiga solo alikuwa na magitaa mawili nyuma yake, lakini zamu ya Django ikifika alibaki na moja tu. Malalamiko hayo madogo yana maana. Mpiga gitaa alikuwa akidai haki ileile ya mpiga fidla, yaani kusimama mbele na kusindikizwa.

Kazi ya ngoma ilifanywa na magitaa ya nyuma kwa mapigo mafupi na makavu ya mkono wa kulia, na Wafaransa wakaupa mtindo huo jina la la pompe, yaani pampu. Juu yake gitaa la Django lilisikika wazi. Alitumia magitaa ya kampuni ya Selmer, yaliyobuniwa na Mwitalia Mario Maccaferri kwa nia ya kutoa sauti kali ukumbini bila umeme. Mpigo wake wa mkono wa kulia ulikuwa na nguvu kiasi kwamba chombo kimoja kiliweza kushindana na orkestra.

Katika miaka mitano iliyofuata kikundi kilirekodi nyimbo nyingi, zikiwemo Djangology na Minor Swing, ambazo hadi leo wanafunzi wa gitaa hujifunza. Wamarekani weusi waliopita Paris walitaka kupiga naye: Coleman Hawkins, Benny Carter, Bill Coleman, Dicky Wells, Eddie South, Rex Stewart. Jambo hili halikuwa dogo. Jazi ilizaliwa kwa watu weusi wa Marekani, na Wazungu wengi wa Ulaya waliipiga kwa kuiga. Wenye muziki wao walimpokea Django kama mwenzao aliyekuja na maneno yake mwenyewe.

Lakini kuishi naye kikazi kulikuwa mtihani. Grappelli alikuwa mtu wa saa na mikataba. Django angeweza kukosa kwenye konseti kwa sababu hali ya hewa ilikuwa nzuri, au kwa sababu jamaa zake walikuwa wamepiga kambi karibu na mji. Pesa alizipata nyingi na kuzimaliza kwa karata, biliadi, kofia na magari. Wakati mwingine Joseph aliyeshika mwendo nyuma yake ndiye aliyekuwa akimtafutia na kumbebea gitaa. Grappelli alimfundisha kuandika jina lake ili aweze kusaini mikataba.

Paris chini ya Wanazi

Mwezi wa tisa 1939 kikundi kilikuwa London wakati vita vilipotangazwa. Grappelli, aliyekuwa mgonjwa, alibaki Uingereza. Django alirudi Paris mara moja. Katika miezi iliyofuata Wajerumani waliingia mjini, na kuanzia hapo maisha yake yakawa kitendawili cha kutisha.

Wanazi waliwaona Warom kuwa watu wa damu chafu. Katika Ulaya nzima waliwakamata, wakawapeleka kwenye kambi na kuwaua. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliouawa ni kati ya 200,000 na 500,000. Huko Ufaransa kwenyewe, maelfu ya watu wa kabila lake walifungiwa kambini. Na jazi, kwa itikadi ya Hitler, ilikuwa muziki wa watu weusi na Wayahudi, uliostahili kupigwa marufuku.

Pamoja na hayo, Django hakuwahi kuwa maarufu kama alivyokuwa katika miaka hiyo. Watu wa Paris waliofungiwa na amri ya kutotoka usiku walitafuta muziki wa kuwapumzisha. Maofisa wa Kijerumani wenyewe walijaza mikahawa, na baadhi yao walikuwa wapenzi wa jazi kwa siri, kama Dietrich Schulz-Köhn wa jeshi la anga. Django alipanga kikundi kipya, akaweka klarineti ya Hubert Rostaing mahali pa fidla na kuingiza ngoma. Mwishoni mwa 1940 alirekodi Nuages, yaani Mawingu, wimbo wa taratibu usio na maneno. Katika mji uliojaa bendera za mgeni, wimbo huo ukawa kama sala ya watu ambao hawakuweza kusema waliyokuwa nayo moyoni.

Maswali juu ya miaka hiyo hayakwisha. Alikuwa akipiga kwenye kumbi ambamo waliokaa mbele walivaa sare za jeshi lililokuwa likiwaua ndugu zake. Hakuwa askari wala mwanasiasa. Delaunay, aliyemsimamia, alitumia safari za Hot Club kupeleka habari kwa wapiganaji wa siri, akakamatwa 1943. Django yeye alikuwa na kinga moja tu, umaarufu, na kinga hiyo ilitegemea ofisa mmoja au mwingine kuupenda muziki wake.

Mwaka 1943 kinga hiyo ilionekana kuwa nyembamba. Alikuwa anatakiwa kwenda kupiga Berlin, na hakutaka. Alimwoa Naguine rasmi mwezi wa sita mwaka huo huko Salbris, kisha wakaelekea mpaka wa Uswisi, karibu na ziwa Léman. Wajerumani walimkamata. Aliyeamua kesi yake alikuwa mpenzi wa muziki wake, akamwachia. Alijaribu tena, na safari hii walinzi wa Uswisi ndio waliomrudisha. Hakuwa Myahudi wala mpiganaji anayejulikana; kuwa Mrom peke yake hakukumpa haki ya hifadhi. Akarudi Paris kungoja vita viishe. Mtoto wao Babik alizaliwa mwezi wa sita 1944, siku mbili baada ya majeshi ya washirika kutua Normandie.

Marekani bila gitaa

Baada ya ukombozi alikutana tena na Grappelli huko London, mwanzoni mwa 1946. Walirekodi pamoja, na kati ya nyimbo hizo wimbo wa taifa la Ufaransa waliupiga kwa mwendo wa jazi, jambo ambalo si wazalendo wote walilifurahia.

Kisha ukaja mwaliko alioungoja maisha yake yote. Duke Ellington, kiongozi mkuu wa orkestra za jazi, alimwita Marekani kwa ziara ya mwisho wa 1946. Django alipanda safari bila gitaa. Aliamini kwamba kampuni za magitaa za Marekani zingepigana kumpa vyombo vyao. Hakuna aliyemngoja na gitaa. Ilibidi apewe gitaa la umeme, chombo ambacho hakukizoea, akapanda nalo jukwaani.

Ziara ilianza Cleveland mwezi wa kumi na moja. Mwisho wa kila konseti alitoka na kupiga nyimbo chache na orkestra ya Ellington, bila karatasi, kwa masikio tu. Watu walimshangilia. Mwisho wa mwezi huo walipiga siku mbili Carnegie Hall, New York. Usiku wa kwanza ulikwenda vizuri. Usiku wa pili Django alikutana mjini na bondia Marcel Cerdan, wakafurahia kusema Kifaransa, saa zikapita. Ukumbi ulikuwa umekwisha kutangaziwa kwamba hatakuja. Alifika programu ikikaribia mwisho.

Waandishi wa huko hawakumsamehe. Wengine waliandika kwamba muziki wake ulikuwa wa zamani, kwa sababu New York ilikuwa imehamia kwenye bebop ya Charlie Parker na Dizzy Gillespie. Alipiga majuma machache katika klabu moja ya mji huo, na mwezi wa pili 1947 akarudi Ufaransa. Ndoto ya kuwa nyota Marekani iliishia hapo. Ni sehemu ya maisha yake ambayo wapenzi wake huipitia haraka, lakini inamwonyesha jinsi alivyokuwa: kipaji kilichozoea kwamba mlango utafunguka wenyewe.

Kuvua samaki na kuanza upya

Angeweza kubaki akirudia nyimbo za 1937, na watu wangelipa. Hakufanya hivyo. Mwanzoni mwa 1949 alirekodi makumi ya nyimbo Roma pamoja na Grappelli na vijana wa Kiitalia, kisha njia zao zikaachana. Kulikuwa na miezi alikaa bila kugusa gitaa, akichora picha, akicheza biliadi. Mwaka 1951 alihamia Samois, kando ya mto Seine, akawa mvuvi wa ndoano. Alikuwa pia ametaka kuandika muziki mkubwa, ikiwemo misa kwa ajili ya Warom waliokusanyika kila mwaka kwenye hija ya Saintes-Maries-de-la-Mer. Kwa kuwa hakujua noti, alihitaji mtu wa kumwandikia anayoyasikia kichwani. Misa hiyo haikukamilika.

Mwaka huohuo alianza kupiga Club Saint-Germain na vijana waliokulia kwenye bebop. Baadhi yao walikuwa watoto alipoanza kuwa maarufu. Alishika gitaa la umeme, safari hii kwa kulielewa, akajifunza lugha yao na kuichanganya na ya kwake. Rekodi za miaka hiyo miwili ya mwisho zinaonyesha mtu aliyekuwa ameanza njia mpya. Ya mwisho ilifanyika tarehe 8 mwezi wa nne 1953, na mpiga piano alikuwa kijana aliyezaliwa Algiers, Martial Solal, ndiyo kwanza anaingia studio. Wiki chache baadaye Django alianguka.

Alichotuachia

Mwaka uliofuata John Lewis wa Modern Jazz Quartet, huko Marekani, alitunga wimbo wa maombolezo ulioitwa Django, na ukawa moja ya nyimbo zinazopigwa sana katika jazi. B.B. King, mfalme wa blues, alimtaja kati ya waliomfundisha kwa santuri. Tony Iommi wa Uingereza, aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, alikuwa amekata tamaa ya gitaa hadi alipopigiwa santuri ya Django. Baadaye akaanzisha Black Sabbath. Grappelli aliendelea kupiga hadi uzeeni na kufariki 1997. Babik naye akawa mpiga gitaa wa jazi.

Na kwetu? Mwaka 1953 wenyewe, mwaka aliofariki Django, Joseph Kabasele alikuwa akiiweka African Jazz kwenye njia yake huko Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwaka huohuo Bill Alexandre, mpiga gitaa wa jazi kutoka Ubelgiji, alifika mjini humo kufanya kazi na studio ya CEFA, akiwa kati ya watu wa kwanza kuleta gitaa la umeme. Miaka mitatu baadaye ikazaliwa OK Jazz. Rumba yetu haikutoka kwa Django. Ina baba na mama zake, kuanzia nyimbo za vijijini hadi santuri za Kuba, na kina Franco na Docteur Nico walikuwa na walimu wao. Lakini neno jazz walilolibeba kwenye majina ya orkestra lilikuwa limekwisha kupita duniani likiwa na maana ya muziki wa kisasa, na katika dunia hiyo gitaa lilikuwa limekwisha kusogea mbele.

Mwaka 1968 watu walianza kukusanyika Samois kwa tamasha la kumkumbuka. Familia za Wamanouche hufika na watoto wenye miaka sita au saba wakiwa wamekumbatia magitaa makubwa kuliko vifua vyao. Wengi hawajifunzi kwa karatasi. Hukaa mbele ya mjomba au kaka, hutazama vidole vyake na kuvifuata, kama Django alivyofanya kule La Zone. Wanavyo vidole vyote vinne, vizima. Na bado wapo wanaokunja viwili pembeni na kujaribu kupanda shingo ya gitaa kwa vile viwili vilivyobaki, ili wajue inawezekanaje.